Ijue Ujerumani Bila Kutoka Kochini

Kwanza achana na vijarida vya watalii. Huko utaonyeshwa kasri la Neuschwanstein na ile sherehe ya bia ya Oktoba mjini München, ambayo huanza Septemba. Wewe tafuta mwenyeji mwenye kisirani, yule ambaye kila wiki lazima aandike mtandaoni kuhusu jirani wa ghorofa ya chini. Kijerumani hukijui? Programu ya tafsiri ipo, na mtu aliyekasirika hueleweka upesi.

Ukishampata, anza na habari za ngazi. Stuttgart na eneo zima la Schwaben kuna zamu ya usafi iitwayo Kehrwoche. Wiki yako ikifika, kibao hutundikwa mlangoni kwako, nawe unafagia ngazi na kuzipiga deki, pengine hata njia ya mbele ya nyumba. Kama ngazi zinang'aa tayari, shauri yako, fagia tu. Mlalamishi wako ataandika aya kwa aya kuhusu bibi anayechungulia mlangoni kuona kama deki imefika pembeni. Usiruke hata moja. Humo mna malezi ya taifa zima.

Kisha ingia jikoni, kama jiko lipo. Mpangaji wa Kijerumani akihama, mara nyingi huondoka na jiko lake: makabati, mashine ya kupikia, hata sinki. Anayehamia hukuta mabomba yamechomoza ukutani, basi. Sisi tunaolia kwamba dalali amekula kodi ya mwezi mmoja tungekuta sinki limehama, tungeita mjumbe wa nyumba kumi.

Mambo ya chupa yapitie haraka: chupa ya plastiki ya maji, ile ya kutumika mara moja, ina amana ya senti 25, unairudisha dukani, mashine inaimeza na kukupa risiti. Ukiwa mtaani na huna haja na senti zako, iache pembeni ya pipa, siyo ndani, ili anayeokota asichafuke mikono. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, na ole wako utoboe ukuta siku hiyo. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hutozwa kila nyumba, hata isiyo na televisheni. Hapo mlalamishi wako ataandika hadi usiku wa manane.

Sasa wewe ni mtaalamu. Mpigie binamu yako aliyeko Hamburg miaka yote hii, umuulize Kehrwoche yake inaendeleaje. Atasema hajawahi kuisikia, kwamba kwao kampuni ya usafi huja na ndoo zake, na wapangaji wanalipia. Mhurumie. Mweleze taratibu kwamba, ndugu yangu, hiyo nchi bado hujaijua. Akianza kucheka, mtajie kifungu cha mkataba wa pango kinachohusu kufungua madirisha ili ukungu usiote ukutani. Hapo atanyamaza, maana hicho anacho.

Akikata simu, tafuta mlalamishi wa pili, safari hii awe wa Hamburg, na wa tatu atoke kijijini huko mashariki. Huyo wa kwanza, kwa hasira zake zote, amekufundisha Stuttgart tu.