Posa, Gundi na Ufito wa Kuvulia

Aliyepata kusimama Rubona wakati wa magharibi, akaziona mashua za wavuvi wa sambaza zikiondoka tatu tatu zimeungwa pamoja, miti mirefu ya mikaratusi imechomoza mbele na nyuma yake, na waliomo wakipiga kasia kwa nyimbo, hatahitaji kuelezwa kwa nini majirani zangu hapa Gisenyi walinitazama kwa huruma waliposikia kwamba nimeketi barazani natengeneza ufito wa kuvulia kwa ndoana. Sambaza, ambaye asili yake ni Ziwa Tanganyika na ambaye aliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ni samaki wa urefu wa kidole, naye huvuliwa usiku kwa taa na wavu, ndoana haimhusu. Wapo tilapia na kambare karibu na ufuko, na hao ndio niliodai kuwakusudia, ila kusema kweli si samaki walionivuta katika kazi hii, bali uzi.

Maana ufito, hata ukiwa wa nyuzi za kioo kama huu wangu alioniletea shemeji kutoka Mombasa, haufai kitu pasipo zile pete ndogo unamopita mshipi, na pete hizo hazigongomelewi misumari wala hazichomelewi. Hushikwa kwa uzi mwembamba uliozungushwa juu ya miguu yake, duru kando ya duru, pasibaki nafasi ya kupenya hata ukucha. Zamani, mafundi wa Marekani na Uingereza walipokuwa wakipasua mianzi na kuigandisha vipande sita pamoja, hariri ndiyo iliyoisaidia gundi ya siku zile isiachie. Leo hariri imeipisha nailoni, lakini adabu za kazi hazikubadilika. Mguu wa pete husagwa kwa tupa hata uwe mteremko, ili uzi uupande pole pole usiteleze. Ncha ya mwanzo hulazwa chini ya duru za kwanza, zikaikalia. Duru husuguliwa kwa mpini laini wa kijiko mpaka zishikamane. Na zikibakia tano au sita, huingizwa kitanzi cha uzi mwingine, ncha ya mwisho ikapitishwa humo, ikavutwa chini ya duru hizo, ikapotea. Hakuna fundo hata moja. Aliyebuni jambo hilo, kwa rai yangu, alistahili kuketishwa safu moja na mafundi wa milango ya Lamu.

Shida ni mkazo. Uzi ukilegea duru hulala ovyo. Ukikazwa mno hukatika. Dawa ya wajuzi ni kutia kibonge cha uzi ndani ya kikombe na kuupitisha uzi baina ya kurasa za kitabu kizito, nami nyumbani sina kilichozidi uzito Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, chapa ya 1981. Kazi ilikwenda kwa amani hata siku baba mdogo alipoingia na rafiki yake, wote wawili wamepandisha sauti, wakibishana juu ya neno. Na kabla sijafumbua kinywa, baba mdogo, ambaye hajapata kuigusa kamusi hiyo tangu niinunue, aliinyakua kwa mikono miwili na kuifunua. Uzi ukaruka, duru zote za asubuhi ile zikafumuka, kikombe kikabingirika mpaka uani, kuku akakikimbilia; na baba mdogo, kidole kimeshatua ukurasani, akaniuliza kwa upole kama miwani yangu iko karibu.

Baada ya uzi huja gundi, ile ya chupa mbili inayochanganywa kwa kiasi sawa, niliyoivukia mpaka hadi Goma. Ikipakwa huwa majimaji, na kwa kuwa hupenda kuteremka, ufito hauna budi kugeuzwa kwa saa kadhaa hata igande, ama sivyo hujikusanya upande mmoja ikafanya kitambi. Wenye uwezo wana mota ndogo ya kuugeuza. Mimi nilikuwa na wageni. Nikaweka sharia kwamba abishaye hodi apewe kiti, chai na ncha ya ufito. Mwenye kudai kodi ya nyumba aligeuza mpaka adhuhuri, akaondoka bila ya kukumbuka kilichomleta, nami sikuona adabu kumkumbusha.

Siku ya pete za mwisho ikaangukia siku waliyokuja wajumbe wa posa kwa ajili ya mpwa wangu, aliyelelewa kwangu. Na maadamu gundi iliyokwisha kuchanganywa haijui ada za watu, mshenga, mzee wa heshima mwenye kofia ya viua, alijikuta ameketi mkekani, mkono mmoja tasbihi, mkono wa pili ufito, akigeuza kwa taadhima huku akimsifu kijana wao. Alikuwa na kipaji. Akataja ukoo, akageuza. Akataja dini na tabia, akageuza. Hata baba mdogo, msemaji wetu, alipokohoa na kutaja ng'ombe juu ya mahari, kwani sisi wa hapa hukusanya ada za pwani na za Kinyarwanda tusiache hata moja, mkono wa mshenga ukasimama.

"Ng'ombe wangapi?"

"Wanne."

Nikamwomba, kwa sauti ya chini, aendelee kugeuza.

"Bwana," akasema bila ya kunitazama, "hapa ndipo pa kusimama."

Walipokubaliana wawili, gundi ya pete ya tatu ilikuwa imekwisha kuning'inia na kuganda. Tone hilo lipo hadi leo, gumu, linang'aa, na mpwa wangu, ambaye sasa ni mke wa mtu, huwaonyesha wageni kuwa ndilo hao ng'ombe wawili waliopungua.

Nilipoupeleka ufito Rubona, nahodha mmoja wa mashua za sambaza aliupokea, akaupitishia kidole gumba toka shina hata ncha, akauliza fundo liko wapi. Nikamweleza habari ya kitanzi, kwa urefu, kama astahilivyo kuelezwa mtu ambaye hajapata kuona ustadi. Akanisikiliza hata nikamaliza, kisha akanipeleka kwenye mashua yake na kunionyesha mahali mikaratusi miwili ilipoungana: pamezungushwa ukanda wa mpira wa baiskeli, umevutwa kwa nguvu, mzunguko kando ya mzunguko, na ncha yake ya mwisho imesukumwa chini ya mingine, haionekani.

"Wetu haungoji gundi," akasema. Halafu akaniuliza, kwa kuwa aonavyo yeye nina wakati mwingi, kama ningeweza kumshonea wavu uliopasuka.