Namna ya Kumfundisha Mtoto wa Kasumbalesa Mahali pa Kuupiga Mpira

Hatua ya kwanza haimhusu mtoto. Inawahusu akina papa waliojipanga kando ya uwanja wakipaza sauti, "Piga! Piga nguvu!" Wape kazi. Mmoja akasimame upande wa barabara, maana malori ya shaba na kobalti yamepanga foleni hapa mpakani kuelekea Zambia, na dereva aliye juu kwenye kabini hamwoni mtoto aliyeinama kati ya magurudumu kuutafuta mpira. Mwingine akateke maji ndoo moja. Akibaki mmoja anayeng'ang'ania kupiga kelele, akabidhiwe watoto wake mwenyewe awafunge kamba za viatu. Itamchukua jioni nzima.

Sasa mpira. Walio chini ya miaka 12 wapewe namba 4, wenye gramu 350 hadi 390. Namba 5 ya wakubwa inafika gramu 450, na mtoto wa miaka minane akiupiga huo atauchota kwa kidole gumba kwa sababu hana njia nyingine ya kuusogeza. Kama hakuna mpira wa duka, ule wa mifuko na matambara uliofungwa kwa kamba unatosha kabisa kuanzia.

Maji ya ndoo yana kazi hii. Lowesha mpira upande mmoja, uugaragaze kwenye vumbi letu jekundu la kiangazi hadi ushike tope jembamba, kisha uuweke chini tope likimtazama mpigaji. Apige. Usimwambie chochote. Mwambie aangalie mguu wake: tope limebaki wapi? Likiwa kwenye ncha ya vidole, amedonoa. Likiwa juu ya kamba za kiatu, pale mfupa wa mguu ulipo mgumu, amepiga shuti. Likiwa ubavuni kwa ndani, ni pasi. Kisha auangalie mpira wenyewe, ataona tope limefutika mahali gani. Mtoto akishajionea alama hizo mbili, hahitaji hotuba yako.

Atauliza tu, "Papa, nipige fasi gani?" Hapo ndipo umjibu, na umjibu kwa ufupi. Katikati, mpira unakwenda moja kwa moja. Chini ya katikati, unapanda. Juu ya katikati, unajigonga ardhini na kuishiwa nguvu. Kwa mguu wa kulia, akiusugua ubavu wa kulia wa mpira kwa ndani ya mguu, unazunguka na kupinda kushoto. Hewa ndiyo inayousukuma, na watoto hulipenda somo hili kuliko yote, kwa hiyo liweke mwisho au hutawarudisha tena kwenye pasi.

Kosa kubwa liko kwenye mguu usiopiga. Ukitua nyuma ya mpira, mwili unalala nyuma na mpira unapaa juu ya goli, juu ya ukuta, juu ya malori. Ukitua kando ya mpira, goti likawa juu yake na kifundo kimekazwa, mpira unabaki chini. Chora duara dogo kwa kijiti kando ya mpira na umwambie akanyage humo. Nimeona duara hilo likifanya kazi ambayo kelele za msimu mzima zilishindwa.

Ukiwa katikati ya mafunzo haya, watu watakuja kukuletea habari ya Mwepu Ilunga. Tarehe 22 Juni 1974, kule Gelsenkirchen kwenye Kombe la Dunia, beki huyo wa Mazembe alitoka kwenye ukuta wa Zaire, yaani Kongo yetu ya wakati ule, kabla Wabrazili hawajapiga frikiki yao, akaupiga mpira ukaenda zake mbali. Dunia imecheka nusu karne, ikisema Mwafrika hakujua sheria. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua vizuri, na kwamba alikuwa akigoma. Waambie watoto hivyo hivyo, bila kuona haya. Lubumbashi iko kama kilomita 90 tu kutoka hapa, na huko ndiko ilikotoka Mazembe hiyo hiyo, timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano, ikaifunga Internacional ya Brazil 2-0 mwaka 2010 na kufika fainali ya klabu bingwa ya dunia. Hakuna mtoto wa hapa anayepaswa kurithi kicheko kile.

Baada ya hapo rudi kazini. Goli liwe mawe mawili, hatua mbili katikati, mpigaji asimame hatua tano. Goli lipungue kila anapofunga mara tatu mfululizo, na shuti linalopita juu ya magoti ya mlinda mlango lisihesabiwe. Watoto watapinga. Watagombana juu ya magoti ya nani. Chagua mlinda mlango mfupi kuliko wote, wasonge mbele. Mawe yakishakaribiana hadi hatua moja, aliyezoea mguu wa kulia aanze upya na wa kushoto.