Tasnifu za Ukambani Zinangoja Nini?

Jamani, sogeeni hapa kwenye benchi. Leo siasa tuziache, nina habari ya tuzo. Kuna chama cha wasomi wa usimamizi kiitwacho Academy of Management, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1936, na ndani yake kuna kitengo cha usimamizi wa teknolojia na uvumbuzi. Kitengo hicho hutuza tasnifu bora ya uzamifu. Tuzo za namna hii kwa kawaida hutaka tasnifu iliyokamilika karibuni na muhtasari wa kurasa chache, mara nyingi bila jina, ili waamuzi wasijue umetoka chuo gani. Huhitaji mjomba serikalini.

Nikiitaja habari hii hapa stejini Wote, jibu la kwanza ni lile lile: "Hiyo ni ya watu wa Konza." Hapo ndipo ninaposonya. Ndiyo, Konza, lile jiji la teknolojia, ni kwetu. Iko Malili, Makueni hii hii, ekari 5,000, na Rais Kibaki aliizindua Januari 2013. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba teknolojia inaanzia palipo na waya?

Mtu wa Mwingi au Kathonzweni hahitaji kuelezwa bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukatiza mto wa msimu, ukakalia mwamba. Mvua ikinyesha, mto unakuja na mchanga, mchanga unanaswa nyuma ya ukuta, msimu baada ya msimu, mpaka unajaa. Maji huyaoni. Yamo kati ya chembe za mchanga, robo ya ujazo wote au hata zaidi. Jua haliyakaushi, mbu hawazalii humo, na kiangazi kikikaza mama anafukua, anateka. Shirika la SASOL limekuwa likijenga mabwawa haya Kitui tangu miaka ya 1990, na mikono ni ya wenyeji, ni mwethya, ule ujima wetu Wakamba. Mawe wanabeba wao, mtaro wanachimba wao.

Sasa niambieni. Nani huamua bwawa likae karibu na boma la nani? Ukuta ukipasuka baada ya wafadhili kuondoka, nani huurekebisha? Mbona mto mmoja una mabwawa yaliyofuatana na mto wa jirani hauna hata moja? Huo ndio usimamizi wa uvumbuzi, jamani! Wenzetu wa mbali waliliona hilo. Mwaka 2008 Ralph Lasage wa Amsterdam na wenzake, msomi wetu G-C. M. Mutiso akiwa mmoja wao, walichapisha makala kuhusu mabwawa ya Kitui na namna jamii zinavyoyatumia kukabili ukame. Ni kazi nzuri, siwaonei wivu. Ninachouliza ni ziko wapi tasnifu kama kumi zilizopaswa kufuata kutoka kwa watoto wetu, za kubisha, kuongeza na kusahihisha.

Na liko swali ambalo mimi ningelifia. Katika bwawa la mchanga, tangi lenyewe ni mchanga, na mchanga huo huo ni bidhaa. Lori likija usiku likaondoka limejaa kuelekea kwenye majengo ya mjini, limeondoka na akiba ya maji ya kijiji. Makueni iliona hatari hiyo ikatunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Unalindaje teknolojia ambayo kila chembe yake ina mnunuzi? Sheria inafanya kazi wapi, na wapi vijana wanaona heri ya kupakia lori leo kuliko maji ya mwezi wa tisa? Msomi akilijibu hilo vizuri, atasomwa hata na watu ambao hawajawahi kusikia jina la Wote.

Badala yake tunaandika nini? Nimesoma tasnifu za kutosha. "Mambo Yanayoathiri Upokeaji wa Teknolojia Fulani Katika Kaunti Fulani." Ukifungua, unakuta nadharia tatu zilizobuniwa ng'ambo, hojaji ya nakubali sana mpaka sikubali kabisa, hesabu za regresheni, halafu hitimisho kwamba mafunzo yaongezwe na serikali iweke sera. Ungetoa jina la Kitui ukaweka Nakuru, hakuna ambacho kingebadilika. Mwethya haumo. Mchanga haumo. Mzee aliyekataa bwawa lisijengwe shambani mwake, akaeleza sababu zake kwa saa nzima, amegeuzwa alama ya tiki kwenye "sikubali".

Siwalaumu wanafunzi peke yao. Wengi wanafundisha mchana na kuandika usiku, karo wanalipa wenyewe. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka kigezo kwamba mhadhiri awe na PhD, na tasnifu ikawa kibali cha kubaki kazini. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha JKUAT kilitoa shahada 118 za uzamifu katika mahafali moja, nchi ikapiga kelele, tume ikachunguza. Kelele zote zilikuwa za idadi. Sikusikia anayeuliza kwa sauti hiyo hiyo: hao 118 wamegundua nini?

Tazameni tasnifu inayoanza na swali inavyokwenda. Tavneet Suri alipata uzamifu wake Yale mwaka 2006 kwa kuchunguza jambo la hapa Kenya: kama mbegu chotara za mahindi zina faida kubwa hivyo, mbona wakulima wengine hawazipandi? Hakukimbilia kusema wakulima hawana elimu. Alionyesha kwamba kwa wengine faida haikuwa ya maana, na kwa wengine ilikuwa kubwa sana, ila gharama ya kuzifikia mbegu na mbolea iliwafungia njia. Makala iliyotokana na kazi hiyo ilitoka katika jarida la Econometrica mwaka 2011. Mkulima wa mahindi wa Kenya, pale juu kabisa pa taaluma ya uchumi, na hakudharauliwa.

Na anayedhani tuzo hizi si za watoto wa vijijini, amkumbuke Calestous Juma wa Budalangi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akawa mwandishi wa Daily Nation, akapata uzamifu Sussex mwaka 1987, mwaka uliofuata akaanzisha kituo cha masomo ya teknolojia cha ACTS, Nairobi, kisha akafundisha Harvard. Kitabu chake cha 2016 kuhusu watu wanaopinga uvumbuzi kinazungumzia kahawa, majarini, trekta na majokofu. Waya si kitu cha kwanza alichokitafuta.

Nasi hapa tuna matuta ya fanya juu, yanayozuia udongo usisombwe na maji. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao kwamba katika Machakos ya zamani, Makueni ikiwa ndani yake, watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Tuna kiwanda cha maembe cha Kalamba, kilichofunguliwa 2017 wakati wa Gavana Kivutha Kibwana. Je, kiwanda kilipoanza kununua, mabroka walipandisha bei au walihamia mashamba ya ndani zaidi? Andikeni hilo!

Juzi mama anayeuza maembe hapa kando alinisikia nikinguruma hivi, akaniambia: "Mwanangu, hao wasomi walikuja kwangu na makaratasi. Nikaacha kazi, nikawajibu yote. Sijawaona tena." Maneno hayo yameniuma kuliko hasara yoyote ya tuzo. Muhtasari ambao waamuzi wa Marekani wanautaka ndio huyo mama anaoudai: kurasa chache, zisizo na porojo, zinazosema uliuliza nini na umepata nini. Asiyeweza kumwandikia mama huyo hataweza kuwaandikia waamuzi.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma pale Chuo Kikuu cha SEKU, Kwa Vonza, na kwingineko: mkishatetea tasnifu, msiifungie kabatini kungoja mahafali, maana muda wa kuomba unapita. Mwombeni msimamizi barua wakati bado anaikumbuka kazi yenu. Muhtasari mmoja upelekeni kwenye tuzo. Mwingine uletwe barazani kwa chifu, usomwe kwa Kikamba, watu wa mwethya wakiwapo. Wakiuliza jambo ambalo tasnifu haikulijibu, liandikwe, apewe mwanafunzi anayefuata.