Yah: Maombi ya Kuajiriwa kwa Dalali wa Mnadani Katika Kesi za Vipigo vya Ndoa

Waheshimiwa Majaji mnaosikiliza rufani,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wanawake wa Musoma, Bunda na Butiama utaratibu tumeshaujua. Ukipigwa usiku, unapita kwanza polisi na damu yako kuchukua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ndipo uende hospitali. Tunajua pia kuwa tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2003, hati ikishapokelewa kuwa kielelezo lazima isomwe kwa sauti, mshtakiwa asikie. Isiposomwa, inafutwa kwenye kumbukumbu. Ni haki yake, hatugombi.

Basi tunaomba dalali. Yule wa mnada wa ng'ombe, ambaye akikohoa mvuvi anageuza mtumbwi. PF3 ikipokelewa tu, apande juu ya benchi: "Jino moja la mbele! Taya la kushoto, limevimba! Nani hajasikia?" Arudie kizimbani, arudie kwa karani, arudie dirishani kwa wauza karanga. Kazi haitamshinda. Huenda ndiye aliyewanadi ng'ombe wa mahari yetu. Aliyetutajia bei atutajie na majeraha.

Mengine ni madogo. Daktari asihamishwe. Kovu lisififie kabla rufani haijapangiwa tarehe. Mama mkwe aliyekuwa jikoni akumbuke. Na "nimemlipia ng'ombe" isigeuzwe utetezi: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotungwa mtoto wa Butiama akiwa Ikulu, kinasema hakuna mila inayompa mtu haki ya kumchapa mwenzi wake.

Lakini mwendesha mashtaka akisahau kusoma, kwa nini jino ling'oke mara ya pili? Aliyesahau hakatwi hata posho. Mume anarudi nyumbani wiki hiyohiyo, anacheka. Kwa baba siwezi kurudi, ng'ombe wale walishatumika kumwolea kaka mke. Hayo nayo yaandikeni, kisha myafute.

Samahani, waheshimiwa. Nimepandisha sauti.

Kama fungu la dalali halipo, tutaelewa. Nimepima kwa saa ya simu: kusoma PF3 kwa sauti, taratibu, mpaka kwenye muhuri wa daktari, ni dakika nne.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Shahidi wa Kwanza wa Jamhuri