Muda Wako Unakaribia Kwisha

Jumamosi nilipita posta kufungua sanduku, nikakuta vitu viwili. Kimoja ni jarida langu la bustani linalotoka Uingereza, toleo la Mei. Kingine ni bahasha nyeupe yenye kidirisha cha nailoni, jina langu linachungulia ndani kama mtu aliyefungiwa nje ya nchi yake. Tuko Julai. Jarida limetumia miezi miwili na ushee njiani. Bahasha, kwa tarehe iliyopigwa juu yake, imetoka kwao siku tisa tu zilizopita. Sijui ni ndege gani inayobeba madai na ni jahazi gani linalobeba majarida.

Nikaifungua palepale, nimeegemea ukuta wa masanduku. Wino mwekundu, herufi kubwa: muda wako unakaribia kwisha.

Mimi nimelipia mpaka Desemba. Nina hakika, maana kwenye kikaratasi cha anwani kilichobandikwa juu ya jarida, chini ya jina langu, wameandika wenyewe mwezi na mwaka wa mwisho, kwa maandishi madogo kama ya maelekezo ya dawa ya minyoo. Nilivaa miwani nikahakikisha. Desemba. Kwa hesabu za watu hawa, Julai na Desemba ni majirani wa kuombana chumvi.

Nikitaka kuwatetea, nitasema wenye majarida hawaishi mwaka mmoja na sisi. Toleo la Desemba hutoka Novemba, na la Krismasi huandaliwa watu wakiwa bado kwenye jua la kiangazi. Mtu anayepiga picha za keki ya Krismasi mwezi wa saba, ukimwambia Desemba iko mbali atakuona umechelewa. Lakini utetezi wangu unaishia hapo, kwa sababu hela ninayotoa leo kwa ajili ya majarida ya mwakani inakwenda kukaa kwao. Huo ni mkopo usio na riba. Mwalimu mstaafu wa Mbagala, paa linavuja, anawakopesha Waingereza.

Na ukiwakopesha hawakushukuru. Mwaka juzi nilipopata barua kama hii niliuchuna. Septemba ikaja ya pili, yenye huzuni, kama mimi ndiye niliyeondoka nyumbani. Oktoba ikaja iliyoitwa ya mwisho. Novemba ikaja ya mwisho kabisa, maana ile ya Oktoba kumbe ilikuwa ya mwisho kwa kuanzia. Nikazidi kuuchuna. Januari wakanipa punguzo la nusu bei na mkoba wa kitambaa wenye picha ya waridi. Mke wangu anaubeba mpaka leo kwendea sokoni. Mwaka jana nikasema ngoja niwe mwungwana, nikalipa barua ya kwanza ilipofika tu. Bei kamili, mkoba hakuna.

Wenye king'amuzi angalau wana haya kidogo. Ujumbe unaingia zikibaki siku saba, tena zikibaki tatu, tena kesho yake ikiwa ndiyo siku. Siku yenyewe wanazima kweli, tena dakika ya themanini, mpira uko kwenye kona. Unaumia, lakini unajua ulipo. Jimu sitaisema. Nilikwenda mara nne.

Basi nilirudi nyumbani nimeapa: mwaka huu hakuna atakayeniona nikilipa kitu kabla hakijaisha. Nikaitupa ile barua juu ya kabati, kwenye lile rundo la bili. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Haya, Baba Neema," kwa ile sauti yake ya kusubiri.

Hakusubiri sana. Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. Alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa mtaani, fundi cherehani ambaye huamka na majogoo na hapotezi herufi. Ada yetu ya mwaka huanza kuhesabiwa Januari. Nilisoma gizani, nimelala chali, shuka imenifika kidevuni:

"Shikamoo mzee. Muda wako unakaribia kwisha. Jiandae mapema, usije ukasumbua wenzako dakika za mwisho."

Nikaisoma mara ya pili. Nikaishusha shuka mpaka kifuani.

"Nani huyo?" mke wangu akauliza. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, feni inazunguka.

"Baba Neema," akasema, "hiyo lipa."

Nililipa kabla sijaswaki. Na nikaweka na ya kutolea.