Barua kutoka Nagoya: Utetezi wa Kirikuu

Kwa wazee, ndugu na jamaa wote wa Morogoro: barua hii yatoka Nagoya, makao makuu ya mkoa wa Aichi, mkoa ambao ndani yake mji mzima ulibadilishwa jina mwaka 1959 ukaitwa Toyota kwa ajili ya kampuni iliyokuwa ikiulisha. Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa utaratibu wa kitabu kwa kuwa yanahusu jambo ambalo jamaa hawajapata kulijadili kwa utulivu hata siku moja, nalo ni ubora wa magari.

Wapenzi wengi wa magari wa Afrika Mashariki huamini kwamba Japani, kwa kuwa ndiko yanakotoka magari mengi yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa, imejaa zile Land Cruiser ambazo Watanzania huziita mashangingi, na kwamba kila mzee wa huko huenda kununua mboga akiwa nyuma ya injini ya silinda nane. Anayesimama kwenye njia panda yoyote ya Nagoya hukuta kwamba mzee huyo huendesha kisanduku kirefu kuliko kitanda kwa kiasi kidogo tu, chenye kibao cha namba cha njano, rangi ambayo Tanzania humtambulisha mwenye gari binafsi, lakini Japani humtambulisha mwenye gari la daraja dogo kuliko yote.

Daraja hilo huitwa kei, yaani magari mepesi, nalo liliwekwa na sheria mwaka 1949, nchi ikiwa bado inajikongoja kutoka vitani, ili wenye kipato kidogo nao wapate chombo cha usafiri. Kwa vipimo vya sasa, gari la kei halipaswi kuzidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2, wala injini yake kuzidi ujazo wa cc 660, huku watengenezaji wenyewe wakikubaliana kutovuka nguvu za farasi 64. Mchoraji wa gari la namna hii yumo katika hali ya fundi cherehani aliyepewa kitambaa cha kaptura akaambiwa atoe kanzu, na ajabu ni kwamba kanzu hutoka: katika Honda N-Box, kwa mfano, tangi la mafuta limehamishiwa chini ya viti vya mbele, sakafu ya nyuma ikashuka, na baiskeli ya mtu mzima ikaingia bila kuombewa dua.

Sheria za vipimo zimeyachonga hata magari ambayo Morogoro huhesabiwa kuwa ya kawaida. Gari ambalo upana wake hauzidi mita 1.7, urefu mita 4.7 na injini cc 2000 huandikishwa katika daraja la magari madogo, na hadi mabadiliko ya kodi ya mwaka 1989, aliyevuka mipaka hiyo alilipa kodi nzito zaidi. Desturi ilibaki hata baada ya kodi kubadilishwa, kwa sababu vichochoro havikubadilishwa. Ndiyo maana Toyota IST ya 2002, Premio, Allion na Noah ya kawaida ya 2001, ingawa hazifanani kwa sura wala kwa kazi, zote zina upana wa milimita 1,695, na kwa hiyo ule ubishi wa kijiweni kuhusu ipi kati yake ina bodi pana unaweza sasa kufungwa rasmi. Zaidi ya hayo, anayenunua gari la kawaida mjini hana budi kwanza kuwathibitishia polisi kwamba ana mahali pa kuliegesha pasipozidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake, sharti ambalo, likihamishiwa Morogoro, lingeyarudisha magari mengi bandarini kabla ya jioni.

Kuhusu mwendo, vijana wa nyumbani hutoa ushahidi wa dashibodi inayosomeka hadi 180. Namba hiyo ni kikomo wala si sifa, kwa kuwa watengenezaji walikubaliana kuweka kidhibiti kinachokata mafuta gari linapofikia mwendo huo, ilhali barabara za kulipia kwa kawaida huruhusu kilomita 100 kwa saa, na 120 katika baadhi ya vipande tu. Vivyo hivyo, kuanzia 1989 hadi 2004 makampuni yalishika mapatano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu za farasi 280, hata Nissan Skyline GT-R, ambayo ilipopimwa ilizidi hapo, ikaingizwa sokoni na 280 kamili kwenye karatasi, kama msichana wa ukoo mzuri anayeficha cheti.

Uendeshaji nao una adabu zake, kwani dereva aliyepishwa hushukuru kwa kuwasha hazadi mara mbili tatu, na honi hupigwa kwa nadra sana. Leseni ya Tanzania haibadilishwi bila mtihani wa vitendo, ambamo mtahini humkata maksi dereva asiyegeuza shingo kutazama kando kabla ya kukunja kona, hata kama dereva huyo amewahi kuyapita malori matatu kwa mpigo kwenye Mlima Kitonga, kipaji ambacho karatasi ya mtahini haina safu ya kukiandika.

Kutokana na hoja hizi, ombi la mjomba la kutafutiwa shangingi lenye umri mdogo na bei ndogo limejadiliwa kwa heshima zote na kukataliwa. Kuchora gari kubwa ni kazi rahisi, kwa sababu nafasi ikipungua huongezwa bodi na nguvu ikipungua huongezwa silinda. Kipimo cha akili ya mchoraji ni Suzuki Carry, iliyozaliwa mwaka 1961, lile gari la kei ambalo Watanzania huliita kirikuu, ambalo injini yake hukaa chini ya viti ili karibu mita mbili zibaki za mzigo, na ambalo sheria ya Japani hulipangia kilo 350, kiwango ambacho wapakiaji wa Kariakoo hawajapata kuarifiwa. Wakulima wa mpunga wa Japani hulitegemea, hupatikana pia lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne, na nyanya za mjomba kutoka Mgeta hazijawahi kudai viti vya ngozi. Mjomba akikata rufaa, kiambatisho cha kwanza kinachohitajika ni uthibitisho wa maegesho, uliotiwa saini na jirani ambaye geti lake limekuwa likizibwa na Corolla ya sasa ya mjomba.