Feni Imepigwa Marufuku

Sebuleni kwangu siku hizi hapapitiki. Karatasi zimetandazwa kuanzia mlangoni hadi chini ya meza ya televisheni, na feni imepigwa marufuku, katika joto hili la Dar es Salaam, eti upepo utavuruga ushahidi. Mke wangu anasaka wauaji.

Kitabu chenyewe kinaitwa Cain's Jawbone. Alikitunga Mwingereza Edward Powys Mathers, aliyekuwa akitunga chemshabongo za gazeti la The Observer kwa jina la Torquemada. Torquemada mwenyewe alikuwa mkuu wa mahakama ya Kanisa iliyotesa watu huko Hispania, kwa hiyo bwana huyu hakumdanganya mtu. Mateso aliyatangaza mapema. Mwaka 1934 akatoa hadithi ya kurasa 100, zikachapwa shaghalabaghala kwa makusudi. Kazi ya msomaji ni kuzipanga, kisha ataje watu sita waliouawa na nani kamuua nani. Na usidhani utashika sentensi iliyokatika uitafutie mwenzake: kila ukurasa unaishia kwenye nukta. Namna za kuzipanga ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 158. Mimi hizi sita za mshahara tu zinanishinda kuzipanga zifike mwisho wa mwezi.

Zawadi ya mara ya kwanza ilikuwa pauni 15. Waliolipata jibu ni wawili. Kitabu kilipotoka upya mwaka 2019 dau likapanda hadi pauni 1,000, na mwaka uliofuata likachukuliwa na John Finnemore, mtunzi wa vichekesho vya redio, tena kwa msaada wa korona iliyomfungia ndani.

Nikamuuliza mama watoto utamu uko wapi. "Filamu zako hizo, dakika ya kumi nishamjua muuaji," akasema bila kuinua macho. "Hiki hakinibembelezi."

Sawa, hakimbembelezi. Ila mimi ndiye ninayegutushwa usiku wa manane: "Baba Neema! Anayesimulia hapa si yule wa jana!" Nikamwambia basi tumpigie polisi. Hakucheka. Na mpelelezi huyohuyo, anayenusa sumu ya mwaka 1934 kwa penseli nyekundu na ya kijani, muulize nani anamaliza Luku humu ndani wakati feni haizunguki. Hajui. Kesi hiyo haimvutii.

Kinachoniudhi kuliko vyote, jibu hawalichapi kitabuni. Waliolipata wamefunga midomo. Mauaji sita, watu wanayajua tangu miaka ya thelathini, na mpaka leo hawasemi! Wangemnong'oneza tu mama muuza maandazi wa mtaani kwetu. Kabla ya adhuhuri habari ingekuwa Mbagala, na maiti wamefika saba.